Ukuta wa Majani

Kwetu baba mkwe haketi ndani ya nyumba moja na mke wa mwanawe. Wakikutana njiani, mmoja husogea pembeni mpaka mwenzake apite. Hawapeani mikono, hawali sahani moja, hawatazamani usoni. Si chuki. Ni heshima, na tumekua nayo kama tulivyoota meno. Nilipokuwa kijana nilidhani desturi hiyo ni ya wazee wa wakati ule, na kwamba nitakapozeeka mimi itakuwa imeisha. Nikazeeka, nikaikuta inanisubiri.

Ndiyo maana siku akina mama wa kikundi cha mkwe wangu walipokuja kujenga kitalu nyumba hapa Butiama, katikati ya nyumba yangu na nyumba yake, mimi sikuwaza nyanya. Niliwaza paa. Lile banda la miti na nailoni lilikuwa na paa, lilikuwa na kuta, lilikuwa na mlango. Sasa hiyo ni nyumba au ni shamba?

Maisha yangu mengi niliyaishi Musoma mjini, mtaa wa Kitaji, nikitengeneza taa za wavuvi wa dagaa. Enzi za karabai nilikuwa fundi wa karabai, na zilipokuja taa za sola nikajifunza sola. Mke wangu alipofariki, ile nyumba ya Kitaji ilinishinda kwa ukimya wake. Nikarudi Butiama kwenye shamba la baba yangu, ambako mwanangu alikuwa amemjengea mke wake. Mwanangu mwenyewe ni fundi wa mashine za boti huko visiwani, na huja nyumbani mara chache. Kwa hiyo hapa tulibaki mimi, mkwe wangu, na wajukuu wanaoshinda shuleni.

Kitalu kilikuwa mali ya kikundi. Wanachama wao wako huku kwetu na Bunda mjini, na walikuwa wamepata kitalu kimoja cha kujaribia. Mkwe wangu aliomba kianzie kwake. Wakakubali, kwa sharti moja: kisipozaa, kitang'olewa na kupelekwa kwa mwenzao wa Kabasa, kule Bunda.

Kwa wengine hilo lilikuwa jambo dogo. Kwake halikuwa dogo. Mwanangu alikuwa ameanza kumwambia afunge mizigo, ahamie visiwani na watoto. Yeye hakutaka. Alisema watoto wanasoma vizuri hapa, na kwamba kule visiwani ataishi akihesabu boti tu. Wakaafikiana hivi: akipata kazi ya mikono yake hapa, atabaki; akikosa, atamfuata mumewe. Kitalu kikisimama, anabaki. Kikiondoka, naye anaondoka, na wajukuu wangu wanaondoka, na mimi nabaki na ukimya niliokuwa nimeukimbia Kitaji.

Kazi ya kitalu inataka watu wawili. Mmoja anashika mmea, mwingine anafunga kamba. Nikamwita dada yangu mkubwa, anayeishi Nyegina, aje aamue habari ya paa. Katika ukoo wetu mambo ya namna hiyo huamuliwa na yeye, na anapenda kuyaamua.

Alikuja na mwavuli wake, akalizunguka banda lote bila kusalimu mtu.

"Jiko liko wapi?"

"Dada, hakuna jiko. Ni nyanya."

"Kitanda?"

"Nimesema ni nyanya."

"Nauliza nijibiwe. Wewe ulikuwaga hivyo hivyo tangu mtoto, mtu akiuliza unamjibu swali la kesho." Akachungulia ndani, akanusa udongo. "Hizo nyanya zitarefuka kiasi gani?"

"Kunizidi mimi."

"Basi zitakuwa ukuta. Wewe utakaa upande wa jua linakotoka, mama watoto atakaa upande linakozama. Mstari wa nyanya ukiwa katikati, kila mtu yuko chumbani kwake. Na kabla ya kuingia ukohoe. Kikohozi ndiyo hodi."

Tukafanya hivyo. Miche ilipokuwa midogo tulipokezana, yeye asubuhi, mimi alasiri. Ilipofika urefu wa kichwa tukaanza kuingia pamoja, nyanya katikati. Nilikohoa, nikaingia, nikaenda upande wangu.

Sikuwa nimetegemea kilichofuata. Mkwe wangu alikuwa mcheshi. Miaka yote nilimjua kwa salamu yake tu, "Shikamoo baba," kichwa chini, na sauti yake ikiishia hapo. Nyuma ya majani sauti ilifunguka. Alinisimulia mambo ya shule ya wajukuu, akaigiza mwalimu mkuu anavyofoka, akaniambia jinsi mbuzi wa jirani alivyokula kitambaa cha meza kikiwa kimetandikwa mezani. Mimi nami nikamsimulia wavuvi wa zamani na karabai zao. Nilicheka humo ndani kuliko nilivyocheka tangu nimzike mke wangu. Hatukuonana uso, tulikuwa tunaongea na nyanya, na nyanya zinafikisha maneno upande wa pili.

Nami nikaanza kuyapenda yale majani. Kila chipukizi jipya lilipojaza pengo nililifurahia, kama mtu anayeona fundi akiongeza tofali.

Siku moja akasema, "Baba, huku chini pamekuwa giza."

"Giza gani na jua lote hili?"

"Juu kuna jua. Chini hakuna. Majani ya chini yanageuka njano, na maua yanapukutika. Nilikuwa nafikiri tupunguze. Tutoe ya chini, na haya machipukizi ya pembeni."

Nilikohoa. Kisha nikatoa elimu yangu. Nilimaliza kidato cha nne, na somo la usanisinuru nilikuwa bado nalikumbuka vizuri.

"Mama, mimi jambo hili nimelisoma. Jani ni jiko la mmea. Maji yanapanda kutoka mizizini, hewa inaingia kwenye jani, mwanga wa jua unakuwa ndio moto, chakula kinapikwa. Majiko yakiwa mengi, chakula kinakuwa kingi. Sasa wewe unataka kuvunja majiko?"

Akamaliza kufunga kamba ya mmea mmoja. Kisha akasema polepole, kwa adabu yote, "Sawa, baba. Ila kuna majiko humu hayajawashwa."

Nikajifanya sikusikia.

Wapita njia walikuwa wanasimama kukisifia kitalu chetu. Ukikitazama kutoka nje kulikuwa na kijani kitupu kilichojaa mpaka kwenye nailoni. "Mzee, umeotesha!" walisema, nami nikapokea sifa. Lakini nyanya zilikuja chache, na zilikuja juu tu, mahali pa kufikia kwa kunyoosha mikono. Chini mashina yalisimama matupu katikati ya majani ya njano. Unyevu ukakaa humo haukauki, ukungu ukaingia. Tulipomaliza kuchuma, mkwe wangu alibeba mavuno yote kwa safari moja.

Akina mama walikuja kutazama. Mwenyekiti wao ni mfanyabiashara wa vitenge Bunda mjini, mama wa Kiislamu mwenye sauti ya sokoni na macho ya haraka. Akachungulia mlangoni, akarudi nyuma.

"Shikamoo mzee wangu. Hizi ni nyanya au ni msitu? Nikiingia humu nitatoka nikiwa na chui."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka sana. Akaingia, akashika jani la chini, likamkatikia mkononi lenyewe.

"Nani aliyesema majani yote haya yaachwe?"

Mimi nilikuwa nimesimama nje, upande wangu. Nilifungua mdomo. Kabla sijasema kitu nikasikia sauti ya mkwe wangu kutoka ndani.

"Tuliamua sisi wenyewe, mwenyekiti. Tulikuwa tunajaribu."

Nikaufunga mdomo. Kuna makosa unayofanya kwa mikono na kuna unayofanya kwa kunyamaza, na lile la kunyamaza ndilo linaloniamsha mapema mpaka leo.

Wakajadiliana chini ya mti wa mpera. Mwenyekiti akarudi na jibu: msimu mmoja zaidi. "Kikizaa hivi tena, mwenzangu, tunakuja na nyundo. Na wala usinichukie, wa Kabasa naye ana watoto."

Mkwe wangu akasema, "Siwezi kukuchukia." Sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ile ya salamu tu.

Walipoondoka, naye akaenda kuchota maji, niliingia kitaluni peke yangu. Sikwenda upande wangu. Nilipiga magoti katikati, mahali pa chini kabisa, nikainua macho.

Jua lilikuwa la mchana, lile la kupasua kichwa. Juu, majani ya kilele yalikuwa yanang'aa hadi yanaumiza macho. Yaliyofuata chini yake yalikuwa kwenye kivuli. Na pale nilipokuwa mimi palikuwa kama chumba kilichofungwa madirisha. Hapo hapo nilikumbuka kitu ambacho sikupaswa kukisahau, maana kilinilisha maisha yangu yote.

Taa. Mvuvi wa dagaa anahitaji mwanga uzame. Mwanga ukiishia juu ya maji ni urembo tu, dagaa hawapandi. Baada ya mvua kubwa, mito ikileta tope ziwani, wavuvi walinijia wakilalamika kwamba taa nilizotengeneza ni mbovu. Hazikuwa mbovu. Maji ya juu ndiyo yalikuwa yanameza mwanga wote. Ungeweza kuongeza taa ya pili na ya tatu pale pale, ungeyapa maji ya juu tu mwanga wa ziada, na kule chini kungebaki kiza. Nililijua hilo kwa vidole vyangu. Nililieleza kwa watu wengi, wengine wamekwisha kufa. Halafu nikakaa kitaluni miezi mizima nikisema kuna jua la kutosha.

Jua lilikuwepo la kutosha, kweli. Lilikuwa limegawanywa vibaya. Jani la kilele lina mahali linaposhiba, kama mgeni wa harusi. Ukizidi kulipakulia halili zaidi, chakula kinapotea. Wakati huo huo majani ya chini, yanayozunguka matunda, yanakaa na sahani tupu, na jani lisilopata mwanga halikai bure, linakula akiba ya wenzake mpaka ligeuke njano lidondoke. Majiko ambayo hayajawashwa. Mkwe wangu alisema kwa maneno manne nilichokataa kukisikia.

Na nilikataa kwa nini? Hapo ndipo palipokuwa pagumu, kule chini kwenye magoti. Mke wangu alikuwa akisema kwamba mimi nina sababu mbili kwa kila jambo, moja ya kuvaa na moja ya kulalia. Kule Kitaji aliomba miaka mingi nitoboe dirisha la jikoni, upande wa ziwa, apate mwanga wa kupikia. Nikamwambia mbu watajaa. Hiyo ilikuwa sababu ya kuvaa. Ya kulalia ilikuwa kwamba upande ule kulikuwa na karakana ya fundi mwenzangu, na sikutaka aone siku ambazo nimekaa jikoni bila kazi. Mke wangu alipika gizani mpaka mwisho. Alipofariki nilitoboa lile dirisha. Mbu hawakuwa wengi.

Habari ya majani ilikuwa hivyo hivyo. Jiko la mmea lilikuwa la kuvaa tu. Nilikuwa nalinda ukuta. Majani yakipungua tutaonana, na tukionana heshima itatufunga midomo, na zile hadithi za mbuzi na mwalimu mkuu zitakwisha.

Nilimsubiri arudi na maji. Akaenda kwake, akakaa uani akichambua mchicha, mgongo umenielekea kama desturi. Nikasimama mbali, kwenye kona ya kitalu, nikatazama mlima.

"Mama."

"Abee, baba."

"Ile habari ya majani. Sikukataa kwa ajili ya majiko. Nilikataa kwa ajili ya ukuta."

Mikono yake ikasimama kwenye mchicha.

"Nilijua, baba."

"Ulijuaje?"

"Ulikohoa kabla ya kusema. Ukiwa unasema la kweli hukohoi."

Akaendelea kuchambua, kisha akasema, sauti chini, "Na mimi niliupenda ule ukuta. Ndiyo maana sikubisha sana. Ningekuwa sikuupenda ungenisikia."

Basi, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Watu wawili walikuwa wamezifisha nyanya kwa njaa ili wapate kuongea.

Kazi ya kwanza ilikuwa kubadilisha nailoni ya paa iliyokuwa imechanika kwa upepo. Nilikwenda Bunda, na mwenyekiti akanipeleka mwenyewe dukani. Kulikuwa na aina mbili. Moja safi kama kioo, unaona mtu ng'ambo mpaka vifungo vya shati. Nyingine nyeupe kama maji yaliyotiwa maziwa.

"Hii safi, mzee wangu," mwenyekiti akasema. "Hiyo nyingine imepauka, imekaa dukani sana."

Mwenye duka akalalamika kwamba haijapauka, imetengenezwa hivyo. Mimi niliichukua ile nyeupe, nikaiinua mlangoni, nikaweka mkono wangu chini yake. Kivuli cha vidole kilikuwa hafifu, hakina kingo. Nikaweka chini ya ile safi: vidole vikajichora sakafuni, vyeusi ti.

Nilikuwa nazijua nailoni hizi mbili kutoka kwenye vioo vya taa. Karabai yenye kioo safi ilikuwa inapiga mwanga mkali, ila ukiinama ndani ya mtumbwi, kivuli chako mwenyewe kinakuficha kile unachokitafuta. Yenye kioo cha ukungu, watu waliiona dhaifu. Lakini mwanga wake ulitoka kila upande, ukapita nyuma ya mikono, ukaingia chini ya mbao. Hauna kiburi. Jani moja likiuziba huku, unapitia kule.

"Nachukua iliyopauka," nikasema.

"Ukikosea tena tunakuja na nyundo."

"Mwenyekiti, na lile la kwanza nilikosea mimi. Mkwe wangu alisema tupunguze majani, mimi nikakataza. Alinificha mbele yenu."

Akanitazama, kisha akamtazama mwenye duka, kisha akatoa mkono nje ya mlango kama anayepima hewa.

"Mwanaume wa Mara amesema amekosea," akasema. "Funga duka, mvua inakuja."

Alicheka njia nzima mpaka stendi. Lakini tulipoagana akawa mtu mwingine. "Nilijua kuna mtu alikuwa nyuma ya yale maneno. Nashukuru umejitokeza mwenyewe."

Dada alirudi kutoka Nyegina kwa kuitwa. Nilimweleza kwamba tunataka mistari iachane, kila mmea ubaki na shina moja, majani ya chini yatolewe. Akasikiliza, mwavuli magotini.

"Kwa hiyo mnataka kubomoa ukuta nilioujenga."

"Nyanya zinakufa njaa, dada."

"Na ukuta si lazima uwe wa nyanya." Akajigusa chini ya jicho. "Hizi kope, mnafikiri Mungu aliziweka za kupepea inzi? Mtu mwenye heshima anatembea na ukuta wake usoni. Asiye nayo, hata umjengee matofali atachungulia." Akainuka. "Kila mtu atazame mikono yake. Na kuku wangu yuko wapi? Sikuja Butiama kwa maneno matupu."

Tulimpa kuku.

Msimu wa pili tulipanda kwa nafasi. Mistari tuliiacha ielekee kaskazini na kusini kama mwanzo, ili asubuhi jua lipige ubavu mmoja na jioni ubavu wa pili. Tulitandika viroba vyeupe vya unga kwenye njia, maana nilitaka mwanga ukifika chini usizikwe kwenye udongo, urudi juu uyaguse majani kwa tumbo. Mkwe wangu alishona viroba vile vikawa mkeka mrefu. Alisema kitalu sasa kimekuwa msikiti, tuvue viatu. Aliyasema hayo wakati majani yakiwa bado machache, tukiwa tunaonana kabisa, yeye akitazama sindano na mimi nikitazama kamba. Nilisubiri heshima ije itufunge midomo. Haikuja.

Tusiseme kila kitu kilinyooka. Mimi nikishajua jambo hulifanya kupita kiasi. Majani yalipoanza kusongamana nilishika kisu nikatoa ya chini, nikatoa ya kati, nikajisikia vizuri, nikaanza ya juu.

"Baba!"

Sikuwahi kusikia sauti yake ikipanda hivyo.

"Sasa unavunja majiko yanayowaka."

Nikasimama. Upande wangu mimea kadhaa ilikuwa imebaki kama vijiti vya kuanikia nguo. Baada ya siku chache matunda yake yalipata mabaka meupe, jua limeyaunguza kwa kukosa mwavuli. Basi nikajifunza na hilo: giza linaua na mwanga wa uchi unaua. Kazi ni kukaa katikati, kutoa jani hili na kuacha lile, kila wiki, kwa macho. Tulikubaliana kwamba majani yaliyo chini ya kichala kinachoiva yatoke, yaliyo juu yake yabaki. Na kisu akakaa nacho yeye.

Nilikuwa nakwenda kila mchana kupiga magoti pale pale katikati. Safari hii nilipoinua macho niliona anga, vipande vipande, nyeupe kama maziwa. Majani ya chini yalikuwa ya kijani. Niliweka mkono chali juu ya kiroba, na kiganja kilipata joto kutoka juu, na mgongo wa mkono ukapata kidogo kutoka chini.

Mwanangu alikuja likizo fupi tukiwa katikati ya msimu. Alikitazama kitalu kwa nje, hakuvutiwa. "Mbona majani machache? Mwaka jana kilijaa."

Mke wake akamwambia, "Ingia ndani, uiname."

Akaingia, akainama. Nyanya zilikuwa zinaanzia magotini, kichala juu ya kichala, zile za chini zimeshaanza kuiva, zikipanda na shina mpaka juu ya kichwa chake. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka hakusema habari ya mizigo wala visiwa. Aliuliza kama kuna kamba ya ziada, akafunga mimea mpaka jioni.

Akina mama walikuja wakati wa kuchuma. Nyundo hawakuja nayo, ingawa mwenyekiti aliapa kwamba iko kwenye mkoba. Aliingia, akashuka na mstari mzima, akageuka akarudi na wa pili. Wenzake walikuwa wanamngoja mlangoni kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani.

"Chui amehama," akasema.

Wakapiga vigelegele. Mkwe wangu akajifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika, sikujua analia au anacheka, na kwa desturi haikuwa yangu kutazama. Kitalu kikabaki Butiama. Kikundi kikaamua kijengwe cha pili Kabasa, na wa Kabasa akasema hataki fundi mwingine ila mkwe wangu, aje amwonyeshe jani lipi litoke na lipi libaki. Alikwenda, na bado anakwenda mara kwa mara. Siku hizo kitalu hubaki kwangu, na kisu huniachia kwa masharti.

Nina majuto mengine ambayo hakuna msimu wa pili wa kuyarekebisha. Lile dirisha la jikoni ni mojawapo, na nimeacha kujidanganya kwamba nyanya zinalipa deni lake. Lakini asubuhi nikiingia humu, mwanga ukiwa umeenea kila mahali bila kupendelea jani lolote, naona kwamba hata mzee anaweza kupunguza kitu kilichozidi, na kilichokuwa chini kikapata kula.

Leo pia tulikuwa humo. Yeye upande wake, mimi wangu, kati yetu nyanya na nafasi. Nilikuwa natazama mikono yangu. Kivuli chake kilikuwa kinapita juu ya viroba vyeupe, chepesi, hakina kingo. Alikuwa ananisimulia wa Kabasa alivyogombana na bata wake. Alipomaliza akaniuliza kama ni kweli nilitoa majani kwenye ule mmea wa pembeni juzi, yeye akiwa safarini, maana anauona umekuwa mwembamba.

Nikakohoa.

"Haya, baba," akasema. "Anza upya."

Nikaanza upya, bila kukohoa.